Little Moreton Hall, Uingereza: nyumba ya mbao imepinda kwa uzee au kwa ghorofa iliyopandishwa juu?

Binti Pangani | #1
Wakuu, salaam. Naomba wajuvi wa ujenzi mnisaidie.

Kuna nyumba inaitwa Little Moreton Hall, kusini-magharibi mwa mji wa Congleton, Cheshire, Uingereza. Mifupa yake yote ni mbao za mwaloni, kuanzia nguzo hadi kenchi, na imezungukwa na mfereji wa maji wenye upana wa mita 10 hivi. Ukiitazama kwa mbele huoni mstari ulionyooka hata mmoja. Madirisha ya juu yamelala upande, paa limebonyea, na ndani sakafu ina mabonde kiasi kwamba unatembea huku umeshika ukuta. Ujenzi ulianza karibu mwaka 1504 ukaendelea kwa vipande hadi karibu 1610. Ni ukoo mmoja wa Moreton, kila kizazi kikibandika chake.

Wengi niliokuwa nao walisema ni uzee tu. Mimi sikubali. Ukumbi mkuu ndio mkongwe kuliko sehemu zote, wa 1504 hadi 1508, lakini haujapinda kama upande wa kusini uliojengwa miaka ya 1560. Kama ni uzee, iweje kitinda mimba apinde mgongo kabla ya kifungua mimba?

Hoja yangu: nyumba imepindishwa na ghorofa ya juu kabisa, ule ukumbi mrefu uliowekwa juu ya lango. Karibuni mnipinge.

Tandale Boy | #2
Nimekaa mstari wa mbele. Picha iko wapi dada?

Fundi Kenchi | #3
Binti Pangani, swali zuri, ila usiiache mbao yenyewe nje ya kesi.

Nina miaka mingi kwenye useremala. Mafundi wa Uingereza wa enzi zile walijenga kwa mwaloni mbichi, uliokatwa msituni na kuchongwa bila kusubiri ukauke. Sababu ni ya kikazi. Mwaloni mbichi unakubali patasi na shoka, ukikauka unakuwa mgumu na unakula makali ya chombo. Halafu unakauka taratibu mno. Makadirio ya mafundi ni mwaka mmoja kwa kila milimita 25 za unene, kwa hiyo nguzo nene inaendelea kukauka miaka kumi baada ya wenye nyumba kuhamia.

Ikikauka inasinyaa, na haisinyai sawa pande zote. Kufuata duara la pete inasinyaa karibu mara mbili ya inavyosinyaa kutoka kiini kwenda nje. Ndiyo maana inajikunja na kupasuka. Viungo vyao ni ulimi unaoingia tunduni, kisha kigingi cha mwaloni kinapigwa kupita katikati. Tundu la kigingi kwenye ulimi lilitobolewa limepishana kidogo na lile la nje, ili kigingi kikipita kiuvute ulimi na kukaza kiungo. Misumari ya chuma waliikwepa kwenye viungo vikubwa kwa kuwa tindikali ya mwaloni inakula chuma.

Kwa hiyo mpindo mwingi ulitokea nyumba ikiwa changa. Uzee hauhusiki, hapo tuko pamoja. Lakini hata bila ghorofa ya juu ingepinda.

Jengo 254 | #4
Niaje wadau. Hizi nyumba za Kiingereza zilijengwa kwa mbao za meli kuukuu. Mbao za meli zilikuwa zimepinda tayari kufuata umbo la chombo, ndiyo sababu nyumba zinapinda. Pia ndiyo sababu unaona matundu matupu kwenye boriti, palikuwa na kiungo cha meli hapo. Hiyo nilielezwa na mtu anayeishi huko.

Mama Leeds | #5
Jengo 254, hiyo hadithi kila kijiji cha Uingereza kinayo, hata vijiji ambavyo havijawahi kuona bahari. Congleton iko bara. Nani angebeba mbao nzito za meli kutoka pwani, kwa barabara za tope za karne ya 16, wakati misitu ya mwaloni ilikuwa pale pale?

Fundi Kenchi | #6
Naongezea kwa Jengo 254. Matundu matupu yana maelezo ya karibu zaidi. Ama palikuwa na ukuta wa ndani ukaondolewa, ama mbao imetoka kwenye nyumba nyingine iliyobomolewa. Na mafundi waliweka alama za kuchanja kwenye viungo, mara nyingi namba za Kirumi, kwa sababu fremu ilikatwa na kujaribiwa chini kwenye uwanja wa kazi, ikafunguliwa, kisha ikasimamishwa kipande kwa kipande. Alama ya ulimi inalingana na alama ya tundu lake. Mbao iliyochongwa kwa ajili ya meli haiwezi kuwa na mpangilio huo.

Jengo 254 | #7
Sawa fundi, lakini usiniambie haijawahi kutokea kabisa.

Mama Leeds | #8
Imetokea. Duka la Liberty pale London ya kati lilijengwa kwa mbao za meli mbili za kivita, HMS Impregnable na HMS Hindustan. Lakini hiyo ni 1924! Ni jengo la karne ya 20 lililovalishwa sura ya zamani. Mtu akiliona anadhani ni la wakati wa Malkia Elizabeth wa kwanza.

Jengo 254 | #9
Basi nimepata pa kushikilia. Asante mama.

Mhandisi Mstaafu | #10
Heshima kwenu. Nimesoma kuanzia #1. Fundi Kenchi kaeleza mbao vizuri, lakini kusinyaa kunapindisha nguzo moja moja. Hakueleweshi kwa nini upande mzima wa kusini umebonyea kwa pamoja. Hapo lazima tuongelee mzigo.

Ule ukumbi mrefu una urefu wa mita 21 na umekaa juu ya ghorofa mbili. Kilichoezekwa juu yake ni mabamba ya mawe ya mchanga mgumu, vipande vizito vilivyopasuliwa kwa mkono. Wataalamu wengi wanaona ukumbi huo haukuwamo kwenye mpango wa mwanzo, wazo lilikuja wakati kazi imeshaanza. Sasa fikirini: nguzo na boriti za chini zimepimwa kubeba kiasi fulani, kisha katikati ya kazi mwenye mali anasema apandishiwe ghorofa nyingine na paa la mawe. Fundi hawezi kurudi chini kunenepesha nguzo.

Na mbao mbichi ikibebeshwa mzigo mkubwa inakunjika polepole na kubaki na mkunjo huo. Ukiondoa mzigo leo haitarudi. Kwa hiyo mimi nawaunganisha wawili ninyi: mzigo wa Binti Pangani juu ya ubichi wa Fundi Kenchi.

Tandale Boy | #11
Mhandisi kashafunga kesi mapema hivi? Uzi haujafika hata ukurasa wa pili.

Sindano | #12
Haijafungwa. Mnasahau madirisha. Nyumba ile ina vioo vidogo 30,004 vilivyoshikwa kwa vipande vya madini ya risasi, vimepangwa miraba, duara, pembetatu. Kwenye ukumbi mrefu madirisha yanafuatana pande zote mbili, karibu ukuta mzima ni kioo. Kioo hakishiki ukuta. Kinachozuia fremu ya mbao isilale ni mikono ya mshazari kwenye kona, na palipojaa madirisha hiyo mikono utaiweka wapi? Naona fremu imelala kwa kukosa mikono, na uzito wa paa ulikuja kumalizia tu.

Wakati ule kioo kilikuwa ghali, kwa hiyo madirisha mengi yalikuwa namna ya kuonyesha kwamba unazo. Ghorofa ya pili ya hoja yangu: hata mapambo yale ya mbao, maua ya petali nne na mistari ya mifupa ya samaki, ni vipande vifupi vifupi vilivyojazwa kwenye paneli. Vinapendeza, ila mkono mmoja mrefu wa mshazari ungefanya kazi kuliko vipande kumi vya pambo.

Fundi Kenchi | #13
Sindano, hapo kwenye mapambo nakupinga. Vipande vifupi vikiingia kwa ulimi na kubanwa ndani ya paneli vinaikaza. Paneli iliyojaa mbao hailali kirahisi. Mikono iliyokosekana kwenye madirisha, sawa, hiyo nakubali ina uzito.

Sindano | #14
Inategemea kama vimebanwa kweli. Vikishasinyaa, kwa maelezo yako mwenyewe ya #3, vinaanza kucheza.

Forodhani | #15
Nawasalimu kutoka Unguja. Nasoma hoja za mbao na mawe, hakuna aliyetaja maji. Nyumba imezungukwa na mfereji uliochimbwa karne ya 13 au 14, kabla hata ya nyumba hii kusimama. Vyoo vya ukutani vilimwaga humo humo. Ardhi ya kando ya mfereji haiwezi kuwa na ugumu sawa kila mahali. Upande mmoja wa msingi ukishuka kidogo tu, fremu yote ya juu inafuata. Upande wa kusini wenye lango ndio uliokaa ukingoni kwa mfereji, na ndio uliopinda zaidi. Hilo mnalieleza vipi?

Huku kwetu Mji Mkongwe vyumba ni vyembamba na virefu kwa kuwa boriti ya mkoko haivuki mita tatu hivi. Fundi alimtii mti. Wenzetu walikuwa na mwaloni unaoweza kuvuka ukumbi mpana, labda ndiyo wakashawishika kupandisha na kupandisha.

Mhandisi Mstaafu | #16
Forodhani, hoja ya msingi ni nzito. Fremu zile zinakaa juu ya ukuta mfupi wa mawe, na boriti ya chini inalala juu ya mawe hayo ili isinyonye unyevu wa ardhi. Mawe yakishuka, boriti inashuka. Tofauti na tofali, fremu ya mbao haipasuki. Inafuata ardhi kimya kimya kwa karne nzima.

Ila angalia umbo la mpindo. Msingi ukishuka upande mmoja, nyumba inaegemea upande huo. Pale kuna mabonde na vilima kwenye sakafu za katikati pia. Hilo linanirudisha kwenye mzigo.

Tandale Boy | #17
Naomba kuuliza kitu ambacho kitaonekana cha kitoto. Nimetafuta picha mwenyewe. Kwa nini ghorofa za juu zimetokeza nje kuliko za chini? Si ndiyo kujitafutia kuanguka?

Jengo 254 | #18
Kodi! Walilipa kodi kwa eneo la chini, wakaibia eneo angani.

Mama Leeds | #19
Mjini ambako kiwanja kilikuwa finyu, kupata nafasi zaidi juu ya barabara kunaingia akilini. Lakini Little Moreton Hall iko mashambani, na katikati ya karne ya 16 akina Moreton walikuwa na ekari zipatazo 1,360. Mtu mwenye ekari hizo haibii sentimita hamsini angani.

Fundi Kenchi | #20
Tandale Boy, swali lako si la kitoto, mabingwa wanagombana juu ya hilo. Kuna wanaosema ni kukinga mvua, maji ya juu yadondoke mbali na ukuta wa chini. Kuna wanaosema ukuta wa juu ukikaa kwenye ncha za boriti zilizotokeza unazikandamiza, zinainuka katikati, na sakafu ya chumba haibonyei. Wengine wanasema ni urefu wa miti, kwamba nguzo fupi kwa kila ghorofa zinapatikana kirahisi kuliko nguzo moja ya kupanda hadi juu. Na nyumba ikitaka kutokeza pande mbili za kona moja, inabidi iwekwe boriti nene ya mshazari kutoka ndani kwenda kwenye kona, na boriti ndogo za pande zote mbili ziingie humo. Ni kazi ngumu na ya gharama.

Sindano | #21
Na ndiyo maana mimi nasema ni fahari. Kitu kigumu na cha gharama kikikaa mbele ya nyumba, mgeni anakiona kabla hajashuka kwenye farasi.

Msomaji Kimya | #22
Mimi kilichonivutia ni rangi. Nyeusi na nyeupe ile, ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo?

Mama Leeds | #23
Hapana. Weusi ule mkali wa mbao na weupe wa paneli ni desturi iliyoshika zaidi karne ya 19. Mwanzo mwaloni uliachwa bila rangi ukageuka kijivu cha fedha kwa jua na mvua, na paneli zilipakwa rangi ya udongo wa manjano. Nenda Lavenham, kule Suffolk, utaona nyumba nyingi zimebaki na kijivu chake, nyingine zimepakwa chokaa juu ya mbao na udongo pamoja.

Forodhani | #24
Kwenye paneli, kati ya nguzo, ni fito zilizosukwa na kukandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi, kisha chokaa juu. Mtu wa Handeni au wa Kilosa akionyeshwa ukuta huo kabla ya chokaa ataujua mara moja. Tatizo ni pale wenye nyumba kama hizo wanapokuja kupiga lipu ya saruji. Udongo na chokaa vinapumua, saruji haipumui. Maji yanayopenya kwenye ufa yanakosa pa kutokea, yanabaki kwenye mbao, mbao inaoza ndani huku nje pasafi. Huku kwetu nimeona kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zikiharibiwa kwa njia hiyo hiyo. Mwenye nyumba mmoja jirani yangu alipiga saruji ukuta mzima, mvua za masika zikapita, akagusa mlango na fremu ikabaki mkononi.

Jengo 254 | #25
Ndiyo kilichoangusha Beit al-Ajaib, lile jumba la Mji Mkongwe?

Forodhani | #26
Jengo, lile la Desemba 2020 ni jambo zito, watu wawili walifariki na jengo lilikuwa kwenye matengenezo. Lina mambo mengi. Lianzishiwe uzi wake kwa heshima.

Binti Pangani | #27
Asanteni wote, nimesoma kila neno. Naongeza vitu vinavyohusu mabadiliko ya nyumba, maana kila mtu kashika sehemu moja.

Mwaka 1559 William Moreton wa pili aliongeza madirisha makubwa yanayotokeza uani. Juu yake amechonga jina lake na mwaka, na chini ya hapo fundi naye amechonga lake: Richard Dale, seremala, ndiye aliyetengeneza madirisha haya kwa neema ya Mungu. Nilisimama pale muda mrefu. Vichwa vya vigingi vimetokeza kwenye mbao, havikukatwa, kimoja kimelala kuelekea kushoto kama kiungo kilivyovutwa. Katika wakati huo huo ukumbi mkuu uliwekewa sakafu katikati ili upatikane chumba juu, na baadaye sakafu hiyo ikaondolewa. Leo unatazama juu unaona paa moja kwa moja.

Mhandisi Mstaafu | #28
Binti, hiyo sakafu ni ushahidi muhimu! Sakafu inafunga kuta mbili zishikane. Ukiitoa, kuta zinabaki na mbao za paa tu za kuzishika. Na bado ukumbi mkuu umesimama vizuri kuliko kusini. Hapo hoja yako ya #1 inapata nguvu.

Sindano | #29
Au inaonyesha kwamba mafundi wa 1504 walikuwa hodari kuliko wa 1560.

Fundi Kenchi | #30
Usiwaguse mafundi, Sindano. Fundi anajenga anachoagizwa.

Mwalimu Mkwawa | #31
Nimechelewa. Ninyi mnatafuta sababu kwenye mbao, mimi naitafuta kwenye historia. Akina Moreton walikuwa upande wa mfalme kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1643 Bunge liliinyakua nyumba na askari wakalazwa humo. Familia ilirudishiwa nyumba lakini ilikuwa imefilisika, ikauza vipande kadhaa vya ardhi, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1670 nyumba ikapangishwa kwa wakulima. Katikati ya karne ya 19 kanisa dogo la ndani lilikuwa stoo ya makaa ya mawe. Mkulima mpangaji atakwenda kubadilisha boriti iliyooza kwenye ukumbi wa juu asioutumia? Miaka 200 ya kutoguswa inatosha kugeuza mbonyeo mdogo kuwa bonde.

Mama Leeds | #32
Mwalimu, lakini ufukara huo huo ndio ulioiokoa. Matajiri wa karne ya 18 walikuwa wakibomoa nyumba za mbao au kuzivisha uso wa tofali zifanane na mtindo mpya. Mpangaji hakuwa na fedha za kufanya hivyo. Mwaka 1976, nyuma ya mbao za ukutani zilizowekwa baadaye, zilikutwa picha za ukutani za karne ya 16, kisa cha Susana na wazee kutoka kwenye Biblia ya wakati ule. Kwenye ukumbi mrefu nako ilikutwa mipira miwili ya tenisi ya karne ya 17 nyuma ya mbao. Watoto wa nyumba hiyo walikuwa wakicheza ndani.

Tandale Boy | #33
Basi waliopindisha nyumba nimewajua. Walikuwa wakirukaruka juu kule.

Mwalimu Mkwawa | #34
Tandale Boy, kumbi ndefu zilijengwa kwa ajili hiyo hasa, kutembea na kufanya mazoezi siku za mvua. Kwa hiyo hujakosea sana. Kwenye ncha mbili za ukumbi ule kuna sanamu za plasta, upande mmoja Bahati na gurudumu lake, upande wa pili Majaliwa. Maandishi yake yanasema gurudumu la bahati linatawaliwa na ujinga, na majaliwa yanatawaliwa na maarifa.

Msomaji Kimya | #35
Sasa kwa nini wasiinyooshe? Teknolojia ipo. Majeki wanayo, chuma wanacho.

Mhandisi Mstaafu | #36
Chuma kimeshawekwa. Ukumbi mrefu una fimbo za chuma zinazoushikilia. Huenda ziliwekwa wakati wa Elizabeth Moreton, mtawa wa Kianglikana aliyerithi nyumba karne ya 19 na kulikarabati lile kanisa. Mwaka 1938 nyumba ikakabidhiwa National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kale, na kuanzia mwaka 1977 ilifanyiwa matengenezo makubwa.

Kunyoosha ni hatari. Viungo vimeshakaa kwenye mpindo huo kwa miaka zaidi ya 400. Madirisha yametengenezwa na kurekebishwa kufuata mpindo, plasta imekaa kwenye mpindo. Ukisukuma nguzo irudi wima unavunja ndimi na kung'oa vigingi. Kazi sahihi ni kuzuia isisogee tena.

Forodhani | #37
Uingereza wana chama kilichoanzishwa mwaka 1877 na William Morris na wenzake kwa hoja hiyo hiyo: tengeneza kilichoharibika, usirudishe jengo kwenye umri unaoutamani. Naunga mkono. Ukiinyoosha Little Moreton Hall utakuwa umefuta maelezo yote tunayogombania hapa.

Msomaji Kimya | #38
Mimi bado nasema paa la mawe lingeshushwa, wakaezeka kitu chepesi.

Fundi Kenchi | #39
Ukishusha mawe, fremu iliyozoea kukandamizwa inalegea. Tena kwa viungo vilivyosinyaa, ule uzito ndio unaovibana. Upepo mkali ukija utasikia nyumba inalia kila kona.

Sindano | #40
Binti Pangani, ukirudi kule fanya kazi moja. Kwenye sakafu ya chini ya upande wa kusini, tazama ndimi kwenye nguzo za lango. Kama tundu limepasuka upande wa chini, ni mzigo. Kama ulimi umetoka kidogo upande mmoja na tundu ni zima, ni kusinyaa. Kama nguzo zote zimelala kuelekea majini, Forodhani ameshinda.

Forodhani | #41
Na upeleke uzi wenye jiwe la kuning'iniza. Macho yanadanganya kwenye nyumba ile.

Binti Pangani | #42
Nimepokea. Uzi na jiwe nitabeba, ila viungo vingi vya lango vimefunikwa plasta upande wa ndani. Mhandisi, nje panatosha?

Mhandisi Mstaafu | #43
Nje panatosha kuanzia. Piga picha za uani pia, kule plasta ni chache, na upige ukiwa umesimama mraba na ukuta.